Paka wangu ana virusi na upweke unamtesa: nimletee mwenzake?

SWALI

Asalaam aleikum daktari,

Naishi Mji wa Kale, hapa Mombasa, pamoja na mume wangu, binti yetu wa miaka sita na mama mkwe. Nina paka dume, jina lake Kashata, umri yapata miaka mitatu. Tulimwokota yeye na nduguye Kaimati wakiwa wachanga chini ya meza ya muuza samaki, mama yao hajulikani alikokwenda. Tuliwalea kwa bomba la sindano na maziwa ya dukani ya paka mpaka wakawa mapandikizi ya paka.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, Kaimati akaanza kukonda. Tukadhani ni minyoo. Tulipomfikisha kliniki fizi zake zilikuwa nyeupe kabisa. Daktari akamtoa damu, akatuonyesha kile kipimo cha plastiki mfano wa kile cha malaria, mistari miwili, akasema ana virusi vya lukemia ya paka. Hakumaliza mwezi. Kashata naye akapimwa siku ileile, mistari miwili vilevile. Kwenye kadi yake pameandikwa FeLV+ kwa wino mwekundu.

Kashata ukimtazama huwezi kujua kama ni mgonjwa. Anakula, manyoya yanang'aa, ameshahasiwa, na hatoki nje. Lakini tangu nduguye afe si yule tena. Usiku analia, kilio kirefu cha kuvuta, akitoka chumba hiki akiingia kile. Mchana analala kwenye kikapu cha ukindu walichokuwa wakilala wote wawili, na amejilamba tumbo mpaka pamebaki ngozi tupu. Tukirudi nyumbani ananing'ang'ania miguuni hata kupika siwezi. Mimi niko kazini hadi jioni, binti yuko shule kisha chuoni, mume wangu ni wa kuondoka alfajiri, na mama mkwe hapendi paka ampande mapajani.

Nataka kumletea mwenzake, lakini kila ninayemwuliza ana lake. Jirani wa chini paka wake amezaa, anataka kunipa mtoto mmoja, mzuri kweli, na binti yangu ameshampa jina. Anasema nimchanje tu, basi. Mume wangu anasema tumfungulie Kashata mlango akachanganyike na wenziwe kichochoroni, kwani ugonjwa anao tayari, aogope nini tena? Mama mkwe anasema kumfungia paka ndani ni dhambi, na kila siku anatukumbusha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Mwenzangu kazini naye kaniambia waziwazi: mpeleke akachomwe sindano ya kulala moja kwa moja, chukua paka mzima, mambo yaishe. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikilia ndani ya matatu.

Kuna jingine naona haya kuliuliza. Watu wanauita huu ugonjwa ukimwi wa paka, na binti yangu humbusu Kashata puani. Je, hakuna hatari?

Nisaidie, daktari. Yupo paka anayeweza kuishi na huyu bila kudhurika?

Mama Kashata, Mombasa


JIBU

Waaleikum salaam, Mama Kashata, na pole sana kwa kufiwa na Kaimati.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Kashata anaweza kupata mwenzake, na mwenzake huyo ni paka mwingine aliye na virusi hivyohivyo. Huyo wa jirani hapana, na wale wa kichochoroni hapana. Paka wenye FeLV wasio na pa kwenda wapo, na wengi wao huchomwa hiyo sindano aliyoitaja mwenzako wa kazini kwa sababu tu hakuna mtu aliyejitokeza kusema, nileteeni mimi. Ila kuna mambo ya kufanya kabla hujamfungulia mgeni mlango.

Nitoe kwanza hofu ya binti. Virusi vya Kashata ni vya jamii ya paka. Vilitambuliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walipokuwa wakichunguza nyumba moja ambamo paka walikuwa wakipata saratani mmoja baada ya mwingine. Tangu wakati huo watu wamewalea, wamewabusu na wamelala nao kitanda kimoja, na hakuna mtu aliyethibitika kuugua kutokana navyo. Mbwa pia hawaambukizwi. Anachoweza kupata binti yako kutoka kwa Kashata ni kile ambacho angekipata kwa paka yeyote, yaani minyoo, viroboto au choa, na kwa kuwa kinga ya Kashata ni dhaifu, hivyo vinaweza kumkaa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo dawa ya minyoo kwa wakati wake, mikono kwa sabuni kabla ya kula, na busu bora liwe la kichwani kuliko la puani.

Hilo jina la ukimwi wa paka linachanganya magonjwa mawili, na usipoyatenganisha utakosea kumchagua mwenzake. Kuna FIV, virusi vilivyotambuliwa California mwaka 1986, na hivyo ndivyo vinavyofanana zaidi na VVU vya binadamu. FIV hupita hasa kwa kung'atana, meno yakazama nyamani, ndiyo maana mashume wanaopigania majike ndio wanaoongoza kuwa navyo. Paka mpole mwenye FIV anaweza kukaa na mwenzake miaka asimwambukize. FeLV ya Kashata haina haja ya ugomvi. Imo ndani ya mate na kamasi, nayo hupita paka wakilambana masikio, wakila bakuli moja, wakinywa maji pamoja. Mama humwambukiza mtoto tumboni na kwa maziwa, na nadhani wale wawili wenu waliipata hivyo, kabla hata hamjawaokota. Kwa ufupi, FIV huambukizwa na maadui na FeLV huambukizwa na wapenzi.

Sasa fikiria yule mtoto wa jirani. Kashata anatafuta wa kumlamba na kulala naye kikapu kimoja. Kadiri atakavyompenda ndivyo atakavyomwambukiza. Na watoto ndio wanaoshikwa upesi. Paka akishakuwa mtu mzima mwili wake huweza kupambana na virusi hivi vizuri zaidi kuliko wa mtoto wa miezi miwili mitatu. Chanjo ipo, tena ni nzuri, lakini huanza akiwa na wiki nane, ya pili hufuata baada ya wiki tatu au nne, na hata zikikamilika hazizuii kila kitu, hasa kwa paka anayelambwa na mgonjwa asubuhi na jioni. Wapo madaktari wanaokubali paka asiye na virusi aliyechanjwa akae na mwenye FeLV pale ambapo wawili hao tayari wanaishi pamoja na nyumba haina namna ya kuwatenganisha. Kumtoa mzima kwao kwa makusudi ukamweke kwa mgonjwa ni jambo jingine, nami sikushauri kabisa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenu angekuja mgeni akaugua yeye.

Mume wako nimemwelewa, maana hoja yake inasikika kama ina mantiki. Lakini Kashata hana ugonjwa wote wa dunia, ana mmoja. Kichochoroni atakutana na mafua ya paka, na majeraha ya kung'atwa yanayotunga usaha, na hiyo FIV niliyokutajia, kwa mwili usio na askari wa kutosha. Na vitoto vilivyoko chini ya meza za samaki, kama alivyokuwa yeye, atavigawia alichonacho. Nenda saa ya kurudi mashua uangalie paka wangapi wanapeleka ulimi kwenye kichwa kimoja cha samaki, utajua ninachosema.

Kwa mama mkwe nazungumza kwa adabu, kwani mimi ni daktari wa wanyama, si shehe. Hadithi anayoitaja ni mashuhuri, iko kwa Bukhari na kwa Muslim. Ila isomeni yote. Mwanamke yule alimfunga paka, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie chakula chake ardhini, mpaka akafa. Kashata anakula, anakunywa, anatibiwa, ana kikapu chake. Mwulizeni imamu wenu kama huku ni kufunga au ni kuuguza. Na kama mama roho yake bado nzito, kuna njia ya kumridhisha: wekeni waya wa kuku au wavu madhubuti kwenye roshani, kuanzia chini hadi juu, Kashata akae hapo apigwe na upepo wa bahari akitazama kunguru. Sijaona paka aliyelalamikia roshani.

Kuhusu sindano ya kulala, sitamlaumu mwenzako, alitaka kukupunguzia mzigo. Lakini mistari miwili kwenye plastiki si sababu ya kumuua paka anayekula na kukimbia. Huo ndio msimamo wa madaktari wa paka siku hizi: kipimo peke yake hakimhukumu mnyama.

Na hicho kipimo kirudiwe. Naona Kashata alipimwa mara moja tu, siku ya taharuki. Kile kipande cha plastiki hutafuta protini ya virusi kwenye damu. Wapo paka ambao mwili wao huvibana virusi baada ya wiki kadhaa, vikabaki vimejificha ndani ya chembechembe zao bila kumwagika tena kwenye mate, na kipimo kikarudi mstari mmoja. Wengine mwili hushindwa, damu yao na mate yao hubaki na virusi maisha yote. Kwa paka aliyeambukizwa utotoni natarajia hili la pili, lakini kutarajia si kupima. Rudia kipimo, apimwe na FIV pia, na umwulize daktari wenu kama anaweza kutuma damu maabara kwa kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya virusi. Majibu yakigongana, simamisha mpango wote wa mwenzake mpaka yaeleweke, kwa sababu kama Kashata amekwisha kuvibana virusi vyake, ukimletea mwenzake mwenye FeLV utakuwa umemrudisha vitani bure.

Siku hiyohiyo ya kupima, mwonyeshe daktari hilo tumbo. Mimi naamini Kashata ana upweke kweli. Wapo paka ambao wakifiwa na mwenzao hujimilikia nyumba nzima wakanenepa, kwani paka kwa asili yake huwinda peke yake. Huyu hakuwahi kulala peke yake maishani mwake, na hiyo namna ya kuzunguka vyumba akiita ni ya anayetafuta. Hata hivyo, tumbo lililolambwa hadi ngozi linaweza pia kuwa la viroboto, au la maumivu ya kibofu, na kilio cha usiku kinaweza kuwa cha meno na fizi, ambazo FeLV hupenda sana kuziharibu. Ukimwona anaingia kwenye beseni la mchanga mara kwa mara, anajikamua, na hakitoki kitu au yanatoka matone, usingoje asubuhi. Dume aliyezibwa mkojo hufa haraka kuliko virusi vyovyote.

Kuna vitu viwili ujifunze kufanya mwenyewe. Kila Ijumaa, mkiwa mmetulia, mnyanyue mdomo wa juu kwa kidole gumba utazame ufizi. Uwe wa waridi. Ubonyeze kidogo mpaka pawe peupe kisha uachie. Rangi irudi kabla hujamaliza kusema bismillahi. Ukiona weupe kama ule wa Kaimati, au umanjano, ni kliniki siku hiyo. Kisha panda mizani ya bafuni ukiwa umempakata, shuka, panda tena peke yako, toa. Andika tarehe na kilo. Paka hujua kuficha ugonjwa, lakini mizani haifichiki, na gramu mia chache kwa mnyama wa kilo nne si jambo dogo.

Tukidhani yote yamethibitika, mtafute mwenzake hivi. Anza na kliniki iliyompima Kashata, kisha kliniki nyingine zote za kisiwani, Nyali na Likoni. Ongea na Kenya Society for the Protection and Care of Animals, ambao wana tawi Mombasa, na pia na watu wanaonasa paka wa mitaani, kuwahasi na kuwarudisha, maana hao ndio wanaokutana na paka wapya kila wiki. Waachie ujumbe mfupi wasioweza kuuelewa vibaya, kwa mfano: "Nina paka dume, miaka 3, FeLV+ imethibitishwa, FIV hana, amehasiwa, anaishi ndani tu. Natafuta mwenzake mwenye hali hiyohiyo, mtu mzima, mpole, aliyezoea paka wenzake. Sinunui. Nitalipia vipimo." Hilo la kutonunua liandike kweli. Ukitaja bei tu, kesho atakubishia hodi kijana na gunia lenye paka wa mtu.

Usivunjike moyo ikichukua miezi. Huko Austin, Texas, shirika la Austin Pets Alive lina mpango mzima wa kuwatafutia nyumba paka wenye FeLV, na watu huenda kuwachukua wawili wawili. Kwetu mpango wa namna hiyo ni namba za simu za watu wanaojuana, basi namba yako iwe kwenye simu ya kila daktari wa wanyama wa mji huu.

Atakapopatikana, usimchague kwa rangi. Mtake paka wa umri wa Kashata au zaidi kidogo. Kitoto chenye FeLV kitakuvunja moyo mara mbili, kwa sababu hao ndio wanaokwenda mapema, na tena kitamchosha Kashata kwa kumrukia mkia kutwa nzima. Jike au dume haina uzito wakishahasiwa. Chenye uzito ni kwamba amewahi kuishi na paka wenzake akapatana nao. Apimwe FeLV mara mbili kama Kashata, na apimwe FIV, maana mwenye vyote viwili hafai hapo. Aangaliwe mafua, choa, viroboto na minyoo, achanjwe kichaa cha mbwa. Na daktari yeyote atakayewashika hawa wawili ajue wana FeLV kabla hajavuta dawa kwenye bomba, kwa sababu sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo hutolewa sana kwa muwasho, huzidi kuibana kinga yao.

Mgeni akifika asikutane na mwenyeji. Najua nyumba za Mji wa Kale, chumba cha ziada ni ndoto. Tumia stoo, au bafu lisilotumika sana, mradi lina hewa na mlango unaofungika. Usithubutu kumwomba mama mkwe chumba chake. Akae humo wiki mbili hivi na beseni lake, bakuli lake na sanduku la kujificha. Siku za mwanzo msugue mashavuni kwa kitambaa, umpelekee Kashata kinuse, na cha Kashata umpelekee mgeni. Wakishazoea harufu, wape chakula huku na huku ya mlango uliofungwa, kila siku bakuli zikisogea karibu. Halafu mlango ufunguliwe upenyo wa vidole viwili. Wataoneshana meno, watatoa ule mlio wa hhhh na kutunisha mikia, na hiyo ni salamu ya kawaida. Unachokiogopa ni kimya: macho yamekazwa, masikio yamelala nyuma, mwili hautikisiki. Hapo kitu kikubwa kipite kati yao, mto au kipande cha katoni, wala usipeleke mkono. Kisha rudi hatua mbili nyuma, usubiri siku chache.

Wakishakaa pamoja, bakuli ziwe mbili na mabeseni ya mchanga matatu, hata kama hawana tena la kuambukizana. Paka akilazimika kumpitia mwenzake ili afike chooni, urafiki huisha. Mabeseni yaoshwe kwa sabuni kwanza mpaka mkojo utoke, ndipo ufuate maji ya jiki, kisha suuza. Ukimimina jiki juu ya mkojo utavuta hewa mbaya. Virusi vyenyewe ni dhaifu vikiwa nje ya paka. Pakikauka hufa katika saa chache, na sabuni huvimaliza. Kwa hiyo kikapu cha Kaimati hakina haja ya kuchomwa, kama kuna aliyekushauri hivyo.

Chakula kiwe kimepikwa. Najua dagaa wabichi na matumbo ya samaki ni rahisi kupatikana, lakini wadudu wanaomtoka paka mwenye kinga nzuri bila habari, kwa hawa wanaweza kuwa mwisho wao. Na kila baada ya miezi sita, daktari, hata kama wote wawili wanang'aa.

Kuna jambo moja sitaki ulijue baadaye. Paka ambaye virusi viko kwenye damu yake muda wote, mara nyingi haishi zaidi ya miaka mitatu hivi tangu kugunduliwa. Wengine huenda mapema zaidi, kwa upungufu wa damu au saratani, na wengine huwapita madaktari wao matarajio. Ukimchukua wa pili, unakubali kwamba utazika tena, labda mara mbili karibukaribu. Na yule atakayebaki atalia kama anavyolia Kashata sasa, nawe utarudi hapahapa ulipo leo. Zungumzeni ninyi wawili, wewe na mumeo, kama nyumba yenu itakuwa ya paka wa namna hii kwa zamu, akiondoka mmoja anapokelewa mwingine, au kama huyu atakuwa wa mwisho. Wapo watu wanaoishi hivyo miaka, na si wendawazimu. Wapo wanaosema moja linanitosha, na hao pia nawaelewa. Mkiona hamuwezi, kuna njia ya katikati: mwambie atakayekupa paka kwamba mnamlea kwa muda, apatikane au asipatikane mwingine wa kumchukua baadaye, na gharama mgawane. Msichana wenu pia aambiwe ukweli kwa lugha yake. Alishamwona Kaimati, hatashangaa.

Nanyi msikae mkimngoja mgeni kama dawa. Kashata ana njaa ya kushughulishwa. Funga unyoya wa kuku kwenye uzi na kijiti, mwindishe kabla ya magharibi mpaka aheme, kisha umpe chakula. Na tena dakika chache kabla hamjalala. Paka aliyewinda akala hulala, ndiyo tabia yao, na kile kilio cha usiku mara nyingi hupungua kwa hilo peke yake. Mchana mwachie vipande vya chakula kikavu ndani ya mirija ya karatasi ya chooni iliyokunjwa ncha, ahangaike navyo. Akilia saa nane za usiku usiamke ukampa chakula, maana atakuwa amejifunza saa yake. Nguo yako ya jana uliyovaa, weka kwenye kikapu. Na mama mkwe, kama hapendi kupandwa mapajani, hata kuongea naye tu akiwa anachambua mchele kunatosha. Nina wagonjwa kadhaa ambao mama wakwe walianza hivyo, sasa paka hawaondoki miguuni pao.

Na yule mtoto wa paka, mpe jirani jibu leo asikae akikungoja. Mwambie akifika wiki nane apelekwe chanjo, aulize kama kliniki inayo ya FeLV, na mama yake afungwe kizazi kabla hajabeba mimba nyingine. Binti yako anaweza kushuka kumtembelea kila akitaka; akitoka kwa Kashata anawe mikono kwa sabuni, basi.